Televisheni Iliyowafukuza Wageni Wangu

Walikuwa wanatafuta mtazamaji wa kawaida. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye karatasi aliyokuja nayo shemeji yangu Jumamosi moja mchana. Ni mdogo wa mke wangu, na wakati huo alikuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu. Karatasi ilisema anatakiwa mtu mzima, mwenye televisheni nyumbani, asiye na utaalamu wowote wa mitambo, na anayetumia muda mwingi mbele ya kioo. Mke wangu aliisoma amesimama, ndoo ya samaki wa Kunduchi bado iko mkononi, akacheka mpaka akaitua ndoo chini. Akamwambia mdogo wake asijisumbue kwenda mbali, mtu huyo yupo, tena huyo hapo kajilaza kwenye kochi na soksi zake.

Sikuudhika, nilishazoea. Kiwanda chetu kilipopunguza wafanyakazi, mie nilikuwa katika kundi la kwanza kabisa, na kiinua mgongo changu nilikigeuza televisheni. Wenzangu walinunua mashine za kusaga, wengine wakafungua maduka. Mie nilinunua inchi ishirini na moja yenye rimoti, nikaitengenezea kabati la kufunga kwa ufunguo, nikatandika kitambaa cha kufuma juu yake, nikakaa mbele yake. Aliyetoka ni mke wangu. Alfajiri yuko Kunduchi kwa wavuvi, mchana anauza mitaa ya Kinondoni. Mie nilibaki napika, nafua na kulinda nyumba isije ikaondoka. Mtaani waliniita Bwana Sebule. Nimesoma mpaka kidato cha nne, kwa hiyo nilijua ninachekwa, ila nilijitahidi kulipokea jina kama cheo.

Shemeji na mie tulikuwa watani, kama ilivyo kwa mashemeji. Tangu nimwoe dada yake hakuwahi kuniamkia hata mara moja. Alikuwa akiingia mlangoni anauliza, "Kochi halijambo?" Namjibu kochi halijambo, sijui vitabu. Basi, hayo ndiyo maamkizi yetu.

Lakini siku ile, baada ya kunicheka, alikaa akanieleza taratibu. Mhadhiri wao alikuwa amerudi karibuni kutoka masomoni Ulaya, na katika mizigo yake amekuja na kadi ya kuunganisha kompyuta na televisheni, pamoja na maneno makubwa. Alisema siku zinakuja ambapo televisheni haitakuwa ya kusema peke yake. Itakuwa ya kujibizana na mtazamaji. Itauliza, mtu atajibu akiwa kwake, nayo itafuata jibu lake. Mie moyoni nikasema sie televisheni yenyewe tumeipata juzi tu, hata kuizoea hatujaizoea, leo imeshaanza kutaka majibu. Lakini wanafunzi wake walichangamka. Aliwagawa makundi, kila kundi litunge kipindi cha kujibizana, likijaribu kwenye nyumba ya watu, na yeye mwenyewe aje akae aone na kutoa alama.

Kwa shemeji, hiyo kazi haikuwa mchezo. Muhula uliopita aliugua malaria katikati ya mitihani, somo moja likamwangusha. Akifeli na hii, anarudia mwaka mzima. Na baba mkwe, kule kijijini, alikwishawatangazia watu wote mpaka kanisani kwamba binti yake ni injinia. Hakusema anasoma uinjinia. Alisema ni injinia.

Jumapili iliyofuata walikuja na kompyuta ya chuo imefungwa khanga mbili kama mtoto mchanga. Shemeji alikuwa na wenzake wawili, mmoja mrefu sana wa Bukoba ambaye nyaya zote zilikuwa zake, mwingine mchoraji, mpole, aliyechora picha zote za kipindi. Kompyuta wakaiweka chumbani kwetu juu ya kitanda, waya ukapita chini ya mlango hadi kwenye televisheni yangu. Mie nikakabidhiwa kisanduku cha mbao chenye vitufe vitatu vya kengele za mlangoni, walivyonunua Kariakoo wakavipaka rangi: nyekundu, kijani na manjano. Nikakiweka mapajani. Nilijisikia rubani.

Majirani walikuja kama kila Jumapili. Kwangu haikuwa lazima kualika mtu. Ukifungua lile kabati, sebule inajaa. Kochi kubwa la pembeni ni la bibi wa nyumba ya nne, mwenyeji wa Dar tangu babu zake, mtu ambaye mtaa mzima unaanza kwake kuamkia. Hapo hakai mwingine, hata akichelewa. Wakubwa wengine wakashika makochi yaliyobaki, vijana wakakaa mkekani, na waliochelewa wakashika nondo za dirisha.

Kipindi kikaanza. Kilikuwa hadithi ya picha, na sauti ni ya shemeji mwenyewe, kairekodi chuoni. Mama mmoja anauza chapati. Jirani yake kaja kuazima sufuria kubwa, siku tatu, wiki, mwezi, sufuria hairudi. Afanyeje? Nyekundu, aende akaichukue mwenyewe. Kijani, amtume mtu mwingine amkumbushe. Manjano, anunue nyingine anyamaze. Pembeni ya kioo zikatokea namba zinazorudi nyuma: ishirini, kumi na tisa, kumi na nane.

Sebule ikawaka. Mmoja akauliza sufuria yenyewe ina mfuniko au haina, mwingine akataka kujua huyo jirani ana mume. Mke wangu akasema yeye sufuria yake iko nyumba ya pili tangu mfungo, ila hataji mtu, na mwenye nyumba ya pili akaangalia dari. Bibi alikuwa ameegemeza kidevu kwenye kiganja, anawaza. Mie nimeshika kisanduku, namwangalia bibi. Namba zikafika sifuri. Kipindi kikasema, "Hujachagua. Tafadhali chagua," kikaanza kuhesabu upya. Tukaendelea na mjadala. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu bibi alikuwa ndiyo kwanza anajiweka vizuri ili aseme, picha ikafutika, na kwa sauti tamu ya shemeji televisheni ikatuambia, "Kwaheri, mtazamaji."

Kioo kikawa cheusi.

Bibi akavuta khanga yake begani, akatafuta ndala zake kwa vidole vya miguu. "Haya," alisema, "wenye nyumba wameshatuaga."

Akatoka. Na bibi akitoka, nani anabaki? Walitoka wote, wakubwa kwa wadogo, hata wa dirishani wakaachia nondo. Kwa mara ya kwanza tangu ninunue ile televisheni, siku ya Jumapili, saa kumi ya jioni, nilibaki mimi na sahani ya karanga ambayo haijaguswa.

Wanafunzi walitoka chumbani wakidhani wataona watu wanapiga makofi. Shemeji akakaa chini, si kwenye kiti, chini sakafuni. Alisema mhadhiri anakuja Jumapili ijayo, na kwenye kitabu chake kuna maneno mawili ya kumfelisha mtu: mtazamaji hakushiriki. Kisha akanigeukia, na hakuwa na utani hata kidogo.

"Shemeji, mbona hukubonyeza?"

"Nilikuwa nasubiri."

"Unasubiri nini?"

Nikafungua mdomo, nikaona sina jibu. Nilijua nilikuwa nasubiri, ila kusema nini, sikuweza. Mtazamaji wa kawaida kabisa.

Wiki ile kabati lilifunguliwa kila siku na hakuja mtu. Taarifa ya habari niliisikiliza peke yangu, nikagundua haina utamu kama hakuna wa kubishana naye. Jumatano mke wangu alirudi na ndoo yake, akaniangalia nilivyokaa, akasema bibi hajamwitikia vizuri njiani, amemwitikia kwa kukata. Mtu anayepaswa kwenda kuomba radhi ni mwenye nyumba.

Nikamwuliza kwani yeye hawezi kwenda, si wanaonana kila siku. "Ni nyumba ya nne," alisema. "Ukipotea, uliza."

Nilivaa shati la kutokea. Sitaki kuongeza chumvi, lakini watu walisimama. Fundi cherehani wa nyumba ya pili aliacha kukanyaga pedeli, akaniuliza kuna msiba. Nilipita kwa adabu.

Bibi alikuwa barazani anasuka ukili, ule wa kushonea mkeka, na vidole vyake haviangaliwi, vinakwenda vyenyewe. Nikaamkia, akaitika. Nikakaa. Nikaanza kueleza kwamba sikumfukuza mie, ni televisheni ndiyo iliyosema vile.

"Televisheni ya nani?" aliuliza.

Nikasema yangu.

"Basi." Alisuka kidogo. "Mwanangu, mie nimeolewa nikiwa binti, nimezaa, nimezika. Nimekwenda nyumba za matajiri na nyumba za watu wasio na hata kigoda. Haijatokea mgeni akaagwa na mwenyeji kabla hajaaga yeye. Mgeni ndiye anayeomba ruhusa, mwenyeji anamzuia kidogo, ndipo mtu anatoka. Hata kama moyoni unataka aondoke."

Nikasema ni kweli. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimeshatoka nyumbani na sikutaka safari ipotee bure, nikamwuliza: yule mama wa chapati afanyeje na sufuria yake?

Uso wote ukabadilika. Kumbe alikuwa nayo rohoni tangu Jumapili. Akauweka ukili pembeni, akaniambia kwanza mtu asiende kwa hasira, amtume mtu, lakini si mtu yeyote, amtume mwenye kauli nzuri, na huyo asiseme sufuria, aseme mwenzio ana shughuli Ijumaa. Anayeazima akisikia shughuli, sufuria inarudi yenyewe, na imesuguliwa.

"Kijani hiyo, bibi," nikamwambia. "Mbona hukusema siku ile?"

"Nitasemaje na zile namba zinakimbia kama zimeiba? Na haikuamkia mtu, hiyo televisheni yenu, imeingia tu inauliza habari za sufuria za watu." Akanitazama. "Na wewe uliyeshika kile kisanduku. Ungebonyeza kabla sijasema?"

"Nisingeweza, bibi."

"Si umeona?"

Nikaona. Ndilo jibu lililonikwama mbele ya shemeji. Wao chuoni walitunga kipindi cha mtu mmoja na kidole chake. Sie tulikuwa watu ishirini na kitu, na kidole hakikuwa changu, kilikuwa cha sebule nzima. Na sebule haiamui kabla bibi hajasema, na bibi hasemi kabla wengine hawajamaliza kubishana. Nikamuaga bibi, naye akanizuia kidogo kama inavyotakiwa, nikatoka mbio. Fundi cherehani akapata uhakika kwamba kweli kuna msiba.

Nilipiga simu chuoni kutoka duka la jirani. Jioni ile ile walikuja wote watatu. Niliwaeleza nimesimama katikati ya sebule, mkono mmoja mfukoni kama mhadhiri. Yule mrefu wa Bukoba alibisha. Alisema kompyuta haiwezi kumsubiri bibi, lazima iwe na kikomo, mwalimu ameandika kipindi kisizidi dakika kumi. Shemeji ndiye aliyenisikiliza mpaka mwisho, na nilipomaliza hakunicheka. Alichukua kalamu akauliza nirudie pale pa kuaga.

Walitaka kitufe cha nne, na Kariakoo kulishafungwa. Nikawaambia kipo mlangoni kwangu. Kengele hiyo niliifunga mwaka nilionunua televisheni, ili nyumba ilingane nayo, na haijawahi kubonyezwa na mtu, kwa sababu kila anayekuja kwangu anapiga hodi. Yule mrefu akaing'oa kwa bisibisi, akaipachika kwenye kisanduku pembeni ya zile tatu. Ilibaki nyeupe. Ukiibonyeza, namba zinasimama, na kwenye kioo yanatokea maneno: Bado tunaongea. Ukiibonyeza tena, namba zinaendelea. Mengine waliyashughulikia siku tatu kule chuoni, shemeji akarekodi sauti upya.

Ijumaa nilitoka tena nyumbani, mara ya pili katika wiki moja, nikapita nyumba hadi nyumba kualika. Kwa bibi nilisema televisheni imefunzwa adabu, aje aione. Alisema ataangalia hali ya miguu yake.

Jumapili mhadhiri alifika mapema. Mtu mwembamba, miwani, saa kubwa mkononi. Nilimpa kochi, akakataa, akachukua kiti cha mbao akakiweka karibu na mlango wa chumbani, daftari gotini. Sebule ikajaa, isipokuwa kochi kubwa la pembeni. Mhadhiri akauliza tunangoja nini, viti si vipo. Tukaangalia lile kochi tupu. Shemeji alikuwa anachungulia kwenye upenyo wa mlango, naona jicho moja tu. Mhadhiri akaangalia saa yake mara mbili.

"Hodi," akasema bibi.

Alipokaa, nikafungua kabati. Kioo kikawaka, hakuna sufuria wala chapati, ni picha ya binti kapiga goti kidogo, na sauti ya shemeji ikasema, "Shikamooni, wakubwa zangu."

Halafu ikanyamaza, ikasubiri. Chini ya picha vitufe vyote vinne vikamulika, na neno moja: Marahaba.

Watu waligeukiana. Wa dirishani walianza kucheka. Bibi hakucheka, aliinyooshea televisheni kidevu, akasema, "Marahaba, mwanangu," kisha akanyoosha mkono, akakichukua kile kisanduku mapajani kwangu, akabonyeza. Alibonyeza nyekundu, lakini popote palikuwa sawa. "Ahsante," ikasema televisheni. "Kuna habari ya sufuria naomba mnisaidie."

Pale makofi yalipigwa. Mhadhiri aliandika kitu.

Swali likaja, namba zikaanza kukimbia, nikamwonyesha bibi nyeupe, akabonyeza. Namba zikasimama. Mabishano yakaanza upya na safari hii kila mtu alikuwa na wiki nzima ya kujiandaa. Dakika tano zikapita, kumi zikapita, kioo kimetulia na maneno yake: Bado tunaongea. Mhadhiri akajikuna shingo. Mwisho bibi akamgeukia, akasema samahani mwalimu, na kwenu huko sufuria mnazidaije?

Naye, maskini, akajibu. Alisema haoni tatizo, chake ni chake, angekwenda mlangoni akasema naomba sufuria yangu.

Wa mkekani wakageuka kumtazama.

"Umeoa?" bibi akamwuliza kwa upole.

Akasema bado.

"Tumeona," akasema mke wangu, na hapo hata jicho la kwenye upenyo lilitoweka, nikasikia watu watatu wanacheka juu ya kitanda changu. Mhadhiri mwenyewe alivua miwani akaifuta, mabega yanamtikisika. Kisha akasogeza kiti. Alisema lakini hebu tufikirie, sufuria imekaa mwezi, na akaanza kubishana na fundi cherehani, daftari likaanguka, halikuokotwa.

Bibi alitoa neno lake baada ya kila mtu kuchoka. Mwenye kauli nzuri, shughuli Ijumaa. Nikarudishiwa kisanduku, nikabonyeza nyeupe, kisha kijani, na kidole changu kilikuwa na uzito wa watu ishirini na kitu. Kwenye picha, sufuria ikarudi, mchoraji kaichorea mpaka mng'aro. Mwisho wa hadithi televisheni haikusema kwaheri. Ilionyesha: Mkitaka kuaga, bonyezeni nyeupe. Nikabonyeza, na sauti ya shemeji ikasema, "Jamani, mbona mapema hivyo?"

"Basi tukae kidogo," akasema bibi, akajirudisha kochini.

Hakuna aliyetoka. Tulikianza kipindi upya tukachagua nyekundu, ili mhadhiri aone yaliyompata yule mama alipokwenda kwa ukali. Karanga ziliisha, mke wangu akakaanga samaki wa biashara.

Lakini mhadhiri alipookota daftari lake, sura ilirudi ya chuoni. Alisema kisanduku kile hakipendezi. Alisema aliandika dakika kumi, nasi tumetumia saa moja na robo. Akamwuliza shemeji nani aliwaza kitufe cheupe, na shemeji, badala ya kujisemea, alinyoosha kidole kwangu. "Mtazamaji wa kawaida," alisema. Mhadhiri akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye soksi, akaandika mstari mmoja, akashukuru kwa samaki. Alama hakutaja.

Wiki mbili tulikaa hivyo. Mie ndiye niliyezihesabu, maana niliona kama nimemwangusha mtoto wa watu kwa ushauri wangu wa sebuleni. Injinia wa baba mkwe anarudia mwaka kwa sababu ya kengele ya mlangoni kwangu.

Siku ya kumi na tano, mchana, nikasikia hodi. Shemeji akaingia, akasimama mbele ya kochi, mikono kaikutanisha mbele, sura nzito. Akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, shemeji."

Niliruka, nikasimama wima. Mke wangu, aliyekuwa jikoni, anasema alifikiri nimeona nyoka. Nilimwuliza nani amefariki.

"Hajafa mtu. Nimefaulu. Alama zangu ndizo za juu darasani." Sura nzito ikashindwa kukaa, meno yote yakatoka. "Nimekuamkia tu, kwani vibaya?"

Miaka yote ile sikuwahi kuamkiwa naye, jibu likanipotea. Lilikuwa neno moja tu, nalo halikuja. Kisanduku kilikuwa bado mezani, waya wake unaning'inia haujafungwa popote, hawakurudi kukichukua. Nikakiinua, nikabonyeza nyeupe, ile ya kusimamisha namba.

Alicheka mpaka akakaa kwenye kochi, pale pale pangu penye shimo. Nilimwitikia baadaye kidogo, nikiwa nimesimama.